Mguu unaolisha nyumba: jinsi ya kuchagua buti za pikipiki



Pale Kidahwe, ambapo barabara ya Kasulu inaachana na ile ya Uvinza, vijana wa bodaboda hungoja abiria tangu alfajiri. Ukiwatazama kuanzia juu utaona kwamba mafundisho yameingia: wengi wana kofia ngumu, na baadhi wana jaketi zito la kuzuia upepo. Ukishusha macho hadi chini utaona ndala, makubazi, raba zilizotoboka kidoleni na viatu vya plastiki. Kichwa kimepata kinga yake, lakini mguu umesahauliwa.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mguu. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, chombo hiki kimekuwa shamba la pili la familia nyingi za Kigoma. Kinabeba wagonjwa, dagaa kutoka Kibirizi, madumu ya mawese, mihogo na watoto wa shule. Karo, sabuni na chakula cha jioni hutegemea mguu mmoja unaobadilisha gia na mwingine unaokanyaga breki. Mguu huo ukivunjika, nyumba nzima hukaa chini. Kwa hiyo buti za pikipiki si pambo la kijana. Ni jambo la baba na mama kuketi pamoja na kulipangia, kama wanavyopangia mbegu au karo.

Adui watatu wa mguu

Watu wengi wanaponunua buti hufikiria matope. Ni kweli mvua zetu ni nyingi, kuanzia Oktoba hadi karibu na Mei, na njia za kuingia vijijini huwa utelezi mtupu. Lakini kwa mwendesha pikipiki, matope na maji ni adui wa tatu tu.

Adui wa kwanza ni uzito. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina zaidi ya kilo 100 kabla hujapakia abiria wala mzigo. Inapoteleza huanguka kwa ubavu, na mguu ndio unaotangulia kufika chini. Hapo mguu hubanwa kati ya chuma na barabara, kifundo hupindwa, na ngozi husuguliwa kwenye lami au changarawe. Kifundo cha mguu ni mahali ambapo mifupa mitatu inakutana, na juu yake hakuna nyama ya kuikinga, ila ngozi nyembamba. Ndiyo maana kidonda cha hapo hukawia kupona, na mfupa uliovunjika hapo humweka mtu kwenye hogo kwa wiki 6 au zaidi. Baada ya hapo kuna wiki nyingine za kujifunza kukanyaga upya.

Adui wa pili ni moto. Bomba la moshi, yaani ekzosi, kwa pikipiki nyingi tunazotumia liko upande wa kulia. Baada ya safari ndefu joto lake linazidi kwa mbali lile la maji yanayochemka. Likigusa mguu mtupu kwa nukta moja linaacha kidonda. Pikipiki ikikulalia, na ekzosi ikabaki juu ya mguu mpaka watu waje kuinyanyua, kidonda hicho huingia ndani kabisa.

Adui wa tatu ndiyo maji. Maji hayavunji mfupa, lakini mguu unaoshinda umelowa hulainika, hupasuka katikati ya vidole na kuota fangasi. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, maelfu ya askari huko Ulaya waliharibika miguu kwa sababu tu ya kusimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji na baridi. Majeshi yalilazimika kuweka amri ya kukausha miguu na kubadili soksi. Sisi hatuna baridi ile, lakini funzo linatuhusu: buti yenye maji ndani ni adui sawa na kutokuwa na buti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo si adui, bali ni mlango wa adui wote: kiatu kisichokaa vizuri. Buti ikibana au ikiunguza unyayo, kijana ataivaa siku tatu, siku ya nne ataiacha chini ya kitanda na kurudi kwenye ndala. Buti iliyo chini ya kitanda haimkingi mtu. Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua uwe huu: kwanza ikae vizuri, pili ikinge kifundo na vidole, tatu izuie maji. Ukianza na maji, utaishia kwenye gambuti na kudhani umemaliza.

Tuvipime viatu tunavyovaa

Ndala na makubazi. Hivi havikingi kitu. Pikipiki inapoyumba huvuka mguuni kabla ya mtu kufika chini. Pia hunasa kwenye gia na kumfanya dereva atazame miguu badala ya barabara.

Viatu vya tairi. Soli yake ni imara na mwiba haupiti kirahisi. Lakini vidole, kisigino na kifundo viko wazi, kwa hiyo ni viatu vya shambani, si vya pikipiki.

Raba. Zinafunika vidole na hazivuki upesi kama zimefungwa kamba. Ni afadhali kuliko ndala. Hata hivyo kitambaa chake huchanika mara moja kwenye lami, kifundo kiko nje, na zikilowa hazikauki kwa siku moja.

Gambuti, yaani buti za mpira. Hizi ndizo zinazopendwa wakati wa masika, na kwa matope hazina mpinzani. Kwenye pikipiki zina kasoro tatu. Ni pana shingoni, kwa hiyo mguu hucheza ndani, na katika ajali huweza kuchomoka. Ni laini kifundoni, kwa hiyo hazizuii kupindika. Na nyingi siku hizi si za mpira halisi bali ni za plastiki, ambayo hulainika na hata kuyeyuka ikigusa ekzosi ya moto. Plastiki iliyoyeyuka ikishikana na ngozi huongeza kidonda. Mwenye gambuti asizitupe. Azivae kwa safari fupi za matope, kwa mwendo wa pole, huku akiweka akiba ya kununua kitu bora.

Buti za kazi za ngozi. Hizi ndizo zile za mafundi na watu wa migodini, zenye kamba, zinazopanda juu ya kifundo. Kwa mfuko wa familia zetu, hizi ndizo chaguo la busara. Ngozi nzuri husuguliwa bila kuchanika upesi, huvumilia mguso mfupi wa ekzosi, na hukishika kifundo.

Buti maalumu za pikipiki. Zinatengenezwa kwa kazi hiyo hiyo: zina sahani ngumu kifundoni, ugoko uliokingwa na soli isiyokunjika kwa ubavu. Ni ghali, lakini mara nyingine huonekana katika mitumba.

Wapo wanaouliza kuhusu buti za jeshi. Ni imara kweli, lakini mavazi ya jeshi hayaruhusiwi kwa raia. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwataka raia wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Buti za kazi za kawaida, nyeusi au za kahawia, zinatosha na hazikuletei maswali njiani.

Namna ya kuchagua

1. Pima jioni. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Buti iliyokutosha asubuhi inaweza kukubana saa kumi jioni. Vaa soksi zile zile utakazozitumia kazini, kisha pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja huwa mkubwa kuliko mwingine. Nunua kwa kufuata ule mkubwa.

2. Kama unamtuma mtu. Mara nyingi baba yuko Kidahwe na buti ziko soko la Mwanga au Ujiji. Simama juu ya karatasi, mtu mwingine akuchoree unyayo huku kalamu ikiwa wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Mguu wa sentimita 26 huhitaji takriban namba 41 au 42, wa sentimita 27 namba 43, na wa sentimita 28 namba 44. Mpe mjumbe karatasi yenyewe, si namba peke yake, kwa sababu viwanda hutofautiana. Aikate karatasi na kuiingiza ndani ya buti: ikikunjika, buti ni ndogo.

3. Nafasi ya vidole. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole vicheze, lakini kisigino kisipande juu unapotembea. Kisigino kinachopanda na kushuka ndicho kinacholeta malengelenge.

4. Urefu. Buti ifunike mafundo yote mawili, la ndani na la nje, na kuzidi angalau vidole vinne juu yake. Buti inayoishia chini ya kifundo ni kiatu cha kawaida, hata kama muuzaji anaiita buti.

5. Ugumu. Shika buti kisigino na ncha, ujaribu kuisokota kama unayekamua nguo. Isikubali kusokotwa kirahisi. Kisha bonyeza kwa dole gumba pale kifundo kinapokaa na nyuma ya kisigino. Pakibonyea kama kitambaa, iache.

6. Ncha ya vidole. Buti nyingi za kazi zina kofia ya chuma au ya plastiki ngumu mbele. Tazama kwenye ulimi au ndani ya shingo kama kuna maandishi ISO 20345. Buti ya aina hiyo, kofia yake ya vidole imejaribiwa kwa nguvu ya jouli 200. Hiyo ni sawa na kudondosha chuma cha kilo 20 kutoka kimo cha mita 1 hivi. Alama S3 maana yake, pamoja na kofia hiyo, ngozi yake inakawiza maji kuingia na soli ina kizuizi cha misumari. S5 ni kinga ya namba hiyo hiyo kwa buti za mpira au plastiki. Wengine wanaogopa kwamba chuma kitakunjika na kukata vidole. Fikiri kidogo: uzito unaoweza kukunja chuma kile, ungefanya nini kwa vidole visivyo na chuma?

7. Jaribu kwenye pikipiki yako. Hili wengi hulisahau. Kaa juu ya pikipiki, injini ikiwa imezimwa. Kama gia yako ina kikanyagio kimoja, hakikisha ncha ya buti inapita chini yake bila kukwama. Kofia ya chuma ikiwa nene sana hukwama. Pikipiki nyingi za Boxer na TVS zina kikanyagio cha mbele na cha nyuma, na hizo hazisumbui buti nene. Kanyaga breki ya mguu uone kama unaihisi. Soli nene kupita kiasi humfanya mtu asijue amekanyaga kiasi gani.

8. Soli na kamba. Soli iwe na mifereji ya kina na iwe imeshonwa, au imegandishwa vizuri pande zote. Iwe na hatua ya kisigino, ili mguu usiteleze kwenye kikanyagio kilicholowa maji au mawese. Kamba zikiwa ndefu zichomeke ndani. Kamba inayoning'inia hunasa kwenye gia au kiki, na dereva anapotaka kushusha mguu anakuta umefungwa.

Kwa buti maalumu za pikipiki kutoka Ulaya, tafuta kibandiko chenye picha ya mwendesha pikipiki na maandishi EN 13634. Chini yake huwa na tarakimu 1 au 2 kwa kila jaribio: urefu wa buti, kusuguliwa, kukatwa na kubanwa kwa ubavu. Tarakimu 2 ni kinga kubwa kuliko 1. Herufi WR zinaonyesha kwamba imejaribiwa pia kwa maji.

Tahadhari na mitumba

Hakuna aibu kununua buti za mtumba. Nyingine ni bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Lakini cha rahisi huvunja upishi. Kuna aina ya soli nyepesi, laini kama sifongo ngumu, ambayo huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kama buti haijavaliwa. Kwa macho inaonekana mpya. Ukiivaa wiki moja inamomonyoka kama mkate mkavu. Ichome soli kwa ukucha na uikunje kwa nguvu mara kadhaa. Ikionyesha nyufa au unga, usinunue.

Tazama pia ndani. Toa kitambaa cha unyayo, nusa, papasa kama kuna misumari au mshono uliofumuka. Ukifika nyumbani osha kitambaa hicho kwa maji moto na sabuni au weka kipya, futa ndani ya buti kwa kitambaa chenye sabuni, kisha ianike mahali penye hewa mpaka ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Fangasi za mwenye buti wa kwanza zisiwe urithi wako.

Maji huingia wapi?

Mtu akisema buti zake zinavuja, mara nyingi hazivuji: maji yameingia kwa juu. Mvua inateremka kwenye suruali, suruali imechomekwa ndani ya buti, na buti inajaa kama ndoo. Dawa yake haina gharama: suruali, hasa ile ya mvua, ikae nje ya buti na ifungwe kwa mpira au kamba chini.

Njia ya pili ni ulimi. Katika buti nzuri, ulimi umeshonwa pande zote mbili kama mfuko, kwa hiyo maji yakipita kwenye kamba hayafiki ndani. Njia ya tatu ni mishono, na ya nne ni pale ngozi inapokutana na soli.

Buti za bei kubwa huwa na utando mwembamba ndani, kama ule wa Gore-Tex. Una vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, lakini mvuke wa jasho unatoka. Kwetu sisi tusio na utando huo, nta ya nyuki hufanya kazi nzuri, na mkoani kwetu wafugaji wa nyuki hawako mbali. Weka nta kwenye kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe usiliweke juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Ikiyeyuka changanya na mafuta kidogo ya kupaka viatu ya rangi yake. Paka buti kavu na safi kwa kitambaa, ukikazia mishono na ukingo wa soli. Rudia kila baada ya wiki chache wakati wa mvua. Usitumie mawese: huoza, hunuka, na huwaalika panya.

Ukitaka kuijaribu buti yako, weka karatasi kavu ndani na uisimamishe kwenye beseni, maji yafike chini kidogo ya ulimi, kwa dakika 10. Mahali karatasi ilipolowa ndipo pa kumpelekea fundi viatu.

Kutunza buti na kutunza mguu

Buti iliyolowa isiwekwe karibu na jiko wala kwenye jua kali. Ngozi hupasuka na gundi huachia. Toa kitambaa cha unyayo, jaza magazeti makuukuu ndani, yabadilishe yakilowa, kisha uache buti kivulini penye upepo.

Soksi ni nusu ya buti. Awe nazo jozi tatu au zaidi, na jozi moja kavu iwe kwenye kopo lenye mfuniko au mfuko usiopitisha maji, afunge nalo kwenye pikipiki. Akinyeshewa asubuhi, abadili mchana, asingoje usiku. Soksi zisizo za pamba tupu, zenye mchanganyiko wa sufu au nyuzi nyingine, hukauka upesi.

Kila jioni mguu uoshwe kwa sabuni na ukaushwe, hasa katikati ya vidole. Mama au watoto wanaweza kumsaidia baba kutazama unyayo. Ngozi nyeupe iliyolainika, mwasho na mpasuko katikati ya vidole ni dalili za fangasi. Krimu ya klotrimazoli au dawa ya zamani ya Whitfield husaidia, ikipakwa kila siku kwa wiki kadhaa, na kuendelea hata baada ya mwasho kuisha. Usiache mpasuko huo, kwa sababu vijidudu vingine hupitia hapo. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto na wenye maumivu, na homa ikiingia, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Mguu wake unaweza kupoteza hisia, na lengelenge dogo la buti mpya likawa kidonda kikubwa bila yeye kujua. Buti mpya azivae nusu saa, avue, atazame, kisha aongeze muda kidogo kidogo.

Abiria nao wana miguu

Mama, usisahau mguu wako. Panda na ushuke upande wa kushoto, mbali na ekzosi. Vaa viatu vilivyofungwa, na kanga au kitenge kikusanywe kisifike kwenye gurudumu. Weka miguu juu ya vikanyagio mpaka pikipiki isimame kabisa.

Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hajafikia kupanda pikipiki. Miguu inayoning'inia huingia katikati ya spoki, na kisigino cha mtoto huchunwa ngozi na nyama kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ni vidonda vinavyohitaji wiki nyingi za kufungwa, na vingine huhitaji kupandikizwa ngozi. Kinga pekee iliyo ya hakika ni kutompakia.

Ajali ikitokea

Nyanyua pikipiki kutoka juu ya mtu, usimvute mguu. Kama ameungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama yeye anasema inatosha. Vua buti na soksi kama hazijashikana na ngozi, zikishikana, ziache. Funika kwa kitambaa safi. Usipake mawese, dawa ya mswaki, unga wala majivu.

Kama anatoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kufungua kila mara kutazama. Kama mguu umepinda, au hawezi kupiga hatua 4, uchukulie kuwa umevunjika. Ufunge pamoja na ubao au mto ulivyo, bila kuunyoosha, na umpeleke hospitali. Kamba za buti zilegezwe au zikatwe, maana mguu utavimba. Usimwache mtu aukande kwa nguvu.

Kila kidonda chenye udongo ni cha kuogopewa kwa ajili ya pepopunda, ambayo vijidudu vyake huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Akina mama huchanjwa wanapokuwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajapata chanjo hiyo tangu walipokuwa wachanga. Kwa hiyo dereva aliyejeruhiwa aende kituo cha afya, kidonda kisafishwe na aulizie chanjo. Asingoje kidonda kiwe kibaya.

Kupanga gharama

Mtu atasema: hizo buti ni ghali. Basi tupige hesabu ya nyumbani. Andika upande mmoja bei ya buti za kazi zilizo nzuri. Upande mwingine andika mapato ya wiki 6 ambazo pikipiki haitembei, nauli za kwenda hospitali na kurudi, picha ya eksirei, hogo, dawa na chakula cha anayemuuguza. Utaona wenyewe ni upande gani ulio ghali.

Njia nyepesi ni kuweka kando nauli ya safari moja fupi kila siku, mama akaitunza. Vijana wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangishana na kununuliana kwa zamu, kama wanavyofanya katika michezo ya fedha. Mwenye pikipiki anayempa kijana kazi naye angefanya vema kumpa buti pamoja na kofia. Anakagua matairi kila wiki. Akague na miguu.

Mvua zitakapoanza Oktoba, buti ziwe zimeshanunuliwa, zimepakwa nta na zimezoeleka mguuni. Buti mpya haivaliwi kwa mara ya kwanza siku ya safari ya Kasulu. Ivae nyumbani jioni, wiki mbili kabla, huku ukipasua kuni na kuchota maji, mpaka mguu na ngozi vifahamiane.